Kaunti ya Taita Taveta kwa Watoto: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa wanafunzi wa gredi ya nne hadi ya tisa, hasa wale ambao hawajawahi kufika Taita Taveta, au ambao hupita Voi kwa gari moshi wakidhani kwamba kaunti nzima ni nyika nyekundu wanayoiona dirishani. Msomaji ataona kwamba maswali mengi, hata yale ya wanyama na ya vyakula, yanamrudisha kwenye jambo moja, nalo ni maji: yanakopatikana, yanakokosekana na yanakokwenda. Ndivyo maisha ya kaunti hii yalivyopangika tangu zamani.

Kaunti ya Taita Taveta iko wapi, na ni kubwa kiasi gani?

Iko kusini-mashariki mwa Kenya, kwenye njia kuu ya Nairobi na Mombasa. Upande wa kusini na kusini-magharibi inapakana na Tanzania, na pande nyingine inapakana na kaunti za Kwale, Kilifi, Tana River, Kitui, Makueni na Kajiado. Mji wake mkubwa ni Voi, ulio kilomita 150 hivi kutoka Mombasa. Miji mingine ni Mwatate, ambako ndiko makao makuu ya kaunti, Wundanyi iliyo juu milimani, na Taveta iliyo mpakani.

Eneo lake ni kilomita za mraba 17,084, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 340,671. Mwaka huohuo Kaunti ya Mombasa, ambayo ni ndogo mno kwa eneo, ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.2. Sababu kubwa ya tofauti hiyo ni kwamba takriban asilimia 62 ya ardhi ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za wanyama za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, ambamo hairuhusiwi kujenga wala kulima. Ukiondoa mbuga, ranchi na mashamba makubwa ya mkonge, ardhi inayobakia kwa wakulima wa kawaida ni ndogo, na sehemu yake nzuri kuliko zote iko kwenye miteremko ya milima.

Kwa nini inaitwa kaunti ya milima ilhali ramani inaonyesha tambarare tupu?

Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya kaunti ni tambarare kavu. Hata hivyo, katikati ya tambarare hiyo imesimama milima iliyoachana, na kila mmoja una watu wake, misitu yake na habari zake. Mkubwa kuliko yote ni Dawida, unaoandikwa pia Dabida, ambao kilele chake cha Vuria kina urefu wa mita 2,208 juu ya usawa wa bahari. Kaskazini-mashariki yake kuna Mbololo, kusini mwa mji wa Voi kuna Sagalla, na mbali zaidi kusini-mashariki, peke yake kabisa, kuna Kasigau.

Milima hii ni midogo kuliko Kilimanjaro au Mlima Kenya, lakini kwa wakazi wake ndiyo iliyoamua mengi. Kwa muda mrefu watu waliishi juu kwa sababu huko kulikuwa na mvua, hewa baridi na malaria kidogo, na pia kwa sababu adui aliyepanda kutoka nyikani alionekana mapema. Ukitazama mahali vijiji vya zamani vilipo, utaona kwamba karibu vyote viko mahali ambapo kijito hakikauki.

Je, milima ya Taita ni volkano kama Kilimanjaro?

Hapana. Kilimanjaro ulijengwa na uji wa moto wa miamba iliyoyeyuka uliotoka chini ya ardhi, na kwa hesabu za wanajiolojia bado ni mlima kijana. Miamba ya Taita ni ya kale mno, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500, iliyopikwa na kukunjwa ndani kabisa ya ardhi kabla ya kuinuliwa. Milima ya Taita ndiyo ncha ya kaskazini ya safu ndefu iitwayo Tao la Mashariki, ambayo inaendelea Tanzania kupitia Upare, Usambara, Uluguru na Udzungwa. Katika safu hiyo yote, ni Taita pekee iliyo upande wa Kenya.

Upande wa Taveta, hata hivyo, kuna kazi ya volkano inayoonekana wazi. Ziwa Chala, lililo mpakani kabisa, limejaa ndani ya shimo la volkano kwenye mteremko wa Kilimanjaro, na kuta zake ni za miamba iliyosimama wima.

Kwa nini Wundanyi kuna baridi ilhali Voi, iliyo karibu, kuna joto kali?

Kwa sababu ya mwinuko. Kwa kawaida joto hupungua kwa nyuzi sita hivi kila unapopanda mita 1,000. Voi iko chini ya mita 650, na kilele cha Vuria, karibu na Wundanyi, kiko juu ya mita 2,200, kwa hiyo tofauti hadi kileleni ni takriban mita 1,600, sawa na nyuzi tisa au kumi za joto. Mtoto anayetoka Voi mchana akiwa ametokwa na jasho anaweza kuhitaji sweta kabla matatu haijafika mwisho wa safari, hasa kati ya Juni na Agosti, wakati ukungu unaweza kukaa milimani siku nzima.

Maji ya kaunti hii hutoka wapi?

Hili ndilo swali linalostahili jibu refu kuliko mengine yote.

Upepo unaotoka Bahari ya Hindi hubeba unyevu na kuvuka nyika bila kuuacha, kwa sababu hakuna kitu cha kuusimamisha. Unapofika Taita hugonga milima, hupanda, hupoa, na unyevu ule hugeuka kuwa mvua au ukungu. Mvua kubwa ni mbili kwa mwaka, ya Machi hadi Mei na ya Oktoba hadi Desemba, lakini katika misitu ya kileleni maji hayasubiri mvua. Ukungu hupita kati ya miti, na kila jani, kila uzi wa kuvumwani na kila shina lenye kuvu hunasa matone madogo, ambayo huungana, hudondoka na kupenya kwenye udongo mweusi uliojaa majani yaliyooza. Ukisimama ndani ya msitu wa Ngangao asubuhi ya ukungu utasikia matone yakianguka kila upande, ilhali nje ya msitu, hatua chache tu, ardhi ni kavu. Udongo ule huyaachia maji polepole, nayo ndiyo yanayotoka chini ya mteremko kama chemchemi na kuwa vijito vinavyoulisha Mto Voi. Msitu ukikatwa, ukungu bado utakuja, lakini utapita bila kushikwa.

Chanzo cha pili ni chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi. Mvua inayonyesha kwenye milima ya Chyulu huzama mara moja kwenye miamba ya volkano yenye matundu mengi, husafiri chini ya ardhi, kisha huibuka Mzima ikiwa safi kiasi kwamba samaki na viboko huonekana wakitembea chini ya maji. Kuna chumba kilichojengwa chini ya usawa wa maji ili wageni wawatazame kupitia kioo. Kutoka hapo maji hupelekwa kwa bomba kubwa hadi Mombasa, na watu wa mjini wanaofungua mfereji asubuhi wanastahili kujua yanakotoka. Wakazi wengi wa Taita Taveta wamelalamika kwa miaka mingi kwamba bomba linapita karibu na vijiji ambavyo akina mama na watoto bado hutembea mbali kuteka maji, na malalamiko hayo ni ya haki.

Chanzo cha tatu ni Kilimanjaro, ambao uko Tanzania lakini maji yake hayajui mpaka. Mto Lumi huteremka kutoka huko, hupita Taveta na kuingia Ziwa Jipe, ambalo Kenya na Tanzania hulimiliki pamoja, na kutoka Jipe maji huendelea kwa Mto Ruvu hadi Mto Pangani na kurudi baharini. Ziwa Jipe ni la kina kifupi, na matete yamelisonga sehemu kubwa. Ziwa Chala ni kinyume chake: ni dogo lakini lina kina cha mita 90 hivi, halina mto unaoingia wala unaotoka juu ya ardhi, na hulishwa na maji yanayopenya chini kwa chini. Mwaka 2016 wanasayansi walitoboa sakafu yake na kutoa nguzo ndefu ya matope yaliyotuama tabaka juu ya tabaka kwa miaka 250,000 hivi, ili wasome humo ni nyakati gani Afrika Mashariki ilipata mvua nyingi na ni nyakati gani ilikumbwa na ukame. Watoto wasiogelee Chala, kwa sababu kingo zake ni za mteremko mkali na ndani yake mamba wamewahi kuishi.

Ni viumbe gani wanaopatikana Taita pekee?

Ni wengi, na sababu ni kwamba milima hii imezungukwa na nyika kavu pande zote. Kiumbe wa msitu baridi hawezi kuivuka nyika hiyo, kwa hiyo kwa maelfu ya miaka wale waliobaki juu walizaliana wenyewe kwa wenyewe hadi wakawa tofauti na ndugu zao wa mbali.

Wataalamu wa ndege huja kutoka nchi za mbali kuwatafuta ndege watatu. Wa kwanza hutafuta chakula chini kwa kufunuafunua majani makavu. Kichwa chake ni cheusi, na mdomo na miguu ni ya rangi ya chungwa, na wanasayansi humwita Turdus helleri. Wa pili ni mdogo, wa rangi ya kijani, mwenye duara pana jeupe kuzunguka jicho. Wa tatu, aitwaye Apalis fuscigularis, ni mdogo pia, wa kijivu, mwenye mkia mrefu, na hujificha kwenye vichaka vya chini akitafuta wadudu. Huyu wa tatu amebaki kwa uchache mno na amewekwa katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka duniani.

Kuna pia kinyonga wa Taita mwenye pembe mbili fupi puani, na kwenye miamba yenye kivuli ya Mbololo humea ua dogo la zambarau ambalo halijaonekana likiota lenyewe mahali pengine popote. Ndugu wa ua hilo hupandwa kwenye vyungu dirishani katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani.

Lakini kiumbe ambaye mimi ningependa kila mtoto amjue haonekani kwa urahisi, kwa sababu huishi ndani ya udongo. Kwa mtazamo wa haraka utamdhania mnyoo, maana hana miguu na mwili wake umegawanyika kwa pete. Mtazame vizuri: ana uti wa mgongo, ana taya, ana meno, na kwa kweli ni wa ukoo mmoja na chura. Jina lake la kisayansi ni Boulengerula taitana. Mama hutaga mayai shimoni na kukaa nayo, na watoto wanapoanguliwa ngozi yake huwa imenenepa na kujaa mafuta. Watoto huja na meno maalumu ya muda ya kukwangua, nao huichuna ngozi hiyo ya juu na kuila, na mama hutulia tu, kisha ngozi nyingine huota na watoto hula tena. Ndivyo anavyowanyonyesha, ingawa hana maziwa. Jambo hili lilitangazwa na wanasayansi mwaka 2006 na liliwashangaza wataalamu wengi. Ndugu yake mwingine, Boulengerula niedeni, hupatikana katika Mlima Sagalla tu. Ukimkuta unapolima, mrudishe kwenye udongo wenye unyevu na umfunike, maana hana sumu na hula wadudu.

Misitu hiyo imebaki kiasi gani?

Kidogo sana. Msitu wa asili wa Mbololo, ambao ndio mkubwa kuliko yote, ni wa hekta 200 hivi, Ngangao ni mdogo kuliko huo, Chawia ni mdogo zaidi, na vingine ni vipande vya hekta chache tu vilivyobaki vileleni. Hekta moja ni kubwa kuliko uwanja wa mpira wa miguu. Miti ilikatwa kwa miaka mingi ili kupata mashamba, mbao na kuni, na mahali pengine ilipandwa misonobari, misaiprasi na mikaratusi kutoka nchi za nje. Miti hiyo ina faida ya mbao na kuni, lakini haiwafai wale ndege watatu, na mikaratusi inayopandwa karibu na chemchemi hunywa maji mengi.

Vipande kadhaa vilipona kwa sababu ya desturi. Wadawida walikuwa na maeneo matakatifu yaitwayo fighi, ambamo wazee walifanya maombi na ambamo hakuna mtu aliyeruhusiwa kukata mti au hata kuokota ukuni ovyo. Leo si watu wote wanaofuata imani ile, lakini mahali palipokuwa na fighi mara nyingi ndipo palipobaki mti mkubwa na chemchemi hai. Wazee waliouweka mwiko huo waliona walichokuwa wakikilinda, na hawakuhitaji vipimo vya maabara ili kukiona.

Ni watu gani wanaoishi hapa, na huzungumza lugha gani?

Wataita ndio wengi, nao hugawanyika kwa Wadawida, Wasagalla na Wakasigau kufuatana na milima yao. Wataveta huishi upande wa Taveta na wana lugha yao, Kitaveta, ambayo iko karibu zaidi na lugha za Upare kuliko na Kidawida. Kisagalla nacho ni tofauti na Kidawida, hata kama milima hiyo miwili hutazamana. Pamoja nao wako Wakamba, Wamaasai, Wapare, Wachaga, Wasomali, Waluo na wengine waliokuja kwa kazi za reli, mkonge, biashara na ufugaji. Watu wote hawa hukutana katika Kiswahili, sokoni, shuleni na kwenye ibada.

Kiswahili hakikufika hapa na shule. Karne ya kumi na tisa misafara ya wafanyabiashara kutoka Mombasa na Pangani ilipumzika Taveta, kwenye msitu wenye kivuli na maji baada ya kuvuka nyika ya Taru, ikibadilishana shanga na nguo kwa vyakula na pembe za ndovu. Kiongozi mmoja wa misafara hiyo, Bwana Kheri, ndiye aliyemwongoza mmishonari Mjerumani Johannes Rebmann katika safari ya mwaka 1848. Tarehe 11 Mei mwaka huo, wakiwa wameshapita milima ya Taita, Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro na baadaye akawaandikia watu wa Ulaya, ambao wengi wao walikataa kumwamini. Wenyeji, bila shaka, walikuwa wakiuona mlima huo kila siku hewa inapokuwa safi.

Watu hulima nini, na hula nini?

Milimani hulimwa mahindi, maharagwe, ndizi, miwa, viazi, kabichi, sukumawiki na nyanya, na mboga nyingi huteremshwa alfajiri kwenda kuuzwa Voi na Mombasa. Kwa kuwa mashamba yameinama, wakulima huchimba matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, na tangu zamani wamechimba mifereji ya kuyaongoza maji ya vijito kutoka shamba hadi shamba kwa zamu. Kugombea zamu ya maji ni ugomvi wa kale sana milimani, na kuusuluhisha ni kazi ya wazee.

Chini, kwenye joto, hulimwa kunde, mtama na ndengu, ambazo watu wa pwani huziita pojo, na kuna mashamba makubwa ya mkonge, hasa Mwatate. Taveta inayo maji ya Kilimanjaro, kwa hiyo ndizi zake hufika masoko ya mbali.

Chakula kinachotambulisha nyumba ya Kitaita ni kimanga. Mihogo, viazi vitamu au ndizi huchemshwa pamoja na maharagwe au kunde hadi viive kabisa, kisha mpishi humwaga maji yaliyozidi na kuviponda kwa mwiko ndani ya sufuria ileile, akigeuza na kuponda mpaka vishikane kuwa kitu kimoja kizito. Huliwa kikiwa moto, na kilichobaki hubebwa shambani kesho yake. Mtoto aliyekula kimanga asubuhi haulizi chakula kabla ya mchana.

Je, ni kweli kwamba simba waliwala watu Tsavo?

Ni kweli. Mwaka 1898, wakati reli ya kutoka Mombasa kwenda Uganda ilipokuwa ikijengewa daraja kwenye Mto Tsavo, simba wawili dume wasio na manyoya ya shingoni waliwashambulia wafanyakazi, wengi wao Wahindi na Waafrika, kati ya Machi na Desemba. Mhandisi John Henry Patterson aliwaua wote wawili mwezi wa Desemba, na leo wamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Field, Chicago. Wataalamu waliochunguza mafuvu yao waligundua kwamba mmoja alikuwa na jino lililooza hadi mzizini, ambalo lingemzuia kumkaba nyati. Isitoshe, miaka ile sotoka, ugonjwa wa mifugo, ilikuwa imewaua ng'ombe na nyati wengi. Simba wa leo wa Tsavo huwakwepa watu kwa kawaida, lakini hilo halimfanyi simba kuwa mnyama wa kusogelewa.

Ndovu wakija shambani watu hufanya nini?

Ndovu ni jambo zito hapa kuliko simba. Mbuga za Tsavo, zilizoanzishwa mwaka 1948, hazina uzio kila upande, na ndovu hufuata maji na majani mabichi. Usiku mmoja wa ndovu watatu shambani unaweza kumaliza mahindi ya msimu mzima, na wako watu waliopoteza maisha. Ni rahisi kwa mtu wa mjini kumpenda ndovu. Anayelala akisikiliza kama tawi limevunjika ana haki ya kuulizwa maoni yake kwanza.

Huko Sagalla kumejaribiwa njia ambayo watoto huipenda wanapoelezwa. Nguzo husimamishwa kuzunguka shamba, na kati yake hupitishwa waya ambao mizinga ya nyuki huning'inia juu yake. Ndovu akijaribu kupita husukuma waya kwa kifua, waya huitikisa mizinga, na nyuki hutoka kwa hasira. Ngozi ya ndovu ni nene, lakini machoni na ndani ya mkonga ni laini, na ndovu aliyewahi kuumwa hapo hukumbuka. Mtafiti Lucy King na wenzake walionyesha kwamba hata sauti ya nyuki peke yake iliyorekodiwa huwafanya ndovu wengi kukimbia. Mkulima hupata pia asali ya kuuza. Njia hii haiwazuii wote, na wakati wa ukame mizinga mingi hubaki mitupu kwa sababu nyuki nao hawana maji wala maua.

Ukiishi karibu na mbuga, usitembee peke yako alfajiri au usiku, usimrushie ndovu mawe, na ukiona nyayo mpya au kinyesi chenye unyevu njiani, rudi ulikotoka umwambie mtu mzima.

Kwa nini kuna makaburi ya askari Taveta, Maktau na Voi?

Kwa sababu Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipiganwa hapa. Kenya ilikuwa chini ya Waingereza na Tanganyika chini ya Wajerumani, na mwezi Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta. Waingereza walijenga reli kutoka Voi kuelekea mpakani ili kusafirisha askari na, jambo ambalo watu husahau, maji ya kunywa, maana tambarare ya Maktau ni kavu. Tarehe 12 Februari 1916 jeshi la Waingereza, ambalo ndani yake walikuwamo askari wapya kutoka Afrika Kusini, lilishambulia kilima cha Salaita na kushindwa. Mwezi uliofuata lilipigana kwenye vilima vya Latema na Reata, likaitwaa Taveta.

Makaburi yana majina ya askari wa Ulaya, Afrika Kusini na India. Wapagazi wa Kiafrika, waliobeba risasi na unga kichwani na kufa kwa wingi kwa maradhi na njaa, hawana makaburi yenye majina. Watu wa Kasigau nao walihamishwa kwa nguvu kutoka mlimani kwao mwaka 1915 na kupelekwa Malindi, wakishukiwa kuwasaidia Wajerumani, na wengi walifia huko. Habari hii inapaswa kufundishwa katika kila darasa linalojifunza vita hivyo.

Ni mawe gani ya thamani yanayochimbwa hapa?

Kuna rubi, na kuna jiwe la kijani liitwalo tsavoraiti, lililopata jina lake kutokana na Tsavo. Mwanajiolojia Campbell Bridges alilipata kwanza Tanzania mwaka 1967 na baadaye upande huu wa mpaka. Wachimbaji wadogo wengi hufanya kazi katika mashimo yasiyo na nguzo imara, kwa hiyo mtoto hana ruhusa ya kuingia hata kwa kutazama. Mwenye kupenda miamba anaweza kusoma uhandisi wa madini katika Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilicho katika kaunti hiihii.

Kaunti huongozwa na nani?

Na gavana na bunge la kaunti, wote wakichaguliwa kila baada ya miaka mitano tangu mwaka 2013. Kuna kaunti ndogo nne, yaani Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, na wadi 20. Namba ya kaunti ni 006.

Darasa letu likitaka kuja, lianzie wapi?

Reli ya kisasa, iliyofunguliwa mwaka 2017, ina stesheni mbili za abiria katika kaunti hii, Voi na Miasenyi, na Voi ndiyo inayofaa zaidi. Kutoka hapo barabara ya lami hupitia Mwatate, ambako inagawanyika: moja inapanda Wundanyi kwa kona nyingi, na nyingine inaelekea Bura, Maktau na Taveta. Ukiwa na siku moja tu, ningekushauri uache mbuga na upande Wundanyi, kisha uombe ruhusa ya ofisi ya misitu na mwenyeji wa kuwaongoza ndani ya Ngangao. Mbuga utaiona dirishani unapopita, lakini msitu wa ukungu hauonekani kutoka barabarani.

Beba sweta, koti la mvua, viatu visivyoteleza na chupa ya maji. Waambie wenzako wasipige kelele mnapoingia, kwa sababu ndege wale hujificha mapema. Mwalimu awasiliane na shule moja ya hapo wiki kadhaa kabla, ili watoto wa Wundanyi wawaonyeshe wenyewe chemchemi wanazoteka maji na waulizwe maswali ambayo hayamo katika orodha hii.